Vijiti Viwili vya Maharagwe

Mwalimu wangu wa kwanza wa kucheza mbele ya kamera alikuwa katoni ya sabuni. Nilipewa na Papa wa Butembo mwenye duka pale Mushaki, yule ambaye jenereta yake ilichaji simu za kijiji kizima. Niliikata dirisha katikati kwa wembe, upana wa viganja viwili na kimo cha kimoja, nikaishika mbele ya uso na kuchungulia. Aliyenielekeza nifanye hivyo ni mpiga video wa Goma, ambaye wakati huo nilikuwa namjua kwa sauti tu.

"Kamera haiko nageuza shingo, dada," aliniambia kwenye simu. "Muntu akitoka mu dirisha, ni kama hakukuya." Yaani ni kama hakuja kabisa.

Nilichekwa wiki nzima. Wachungaji waliopita na ng'ombe walinikuta nyuma ya kanisa nikichungulia malisho kupitia katoni, wakaniuliza kama nimeanza kuuza mlima vipande vipande. Niliendelea kuchungulia. Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyepewa kazi kubwa kuliko alivyostahili.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kwaya yetu ya akina mama ilitaka kupiga klipu ya wimbo mmoja, na mimi nikachaguliwa kutengeneza namna ya kuucheza. Sikuchaguliwa kwa kuwa najua. Nilichaguliwa kwa kuwa nilikuwa na simu, nilikuwa nimemaliza shule, na nilikuwa na mdomo. Wimbo ulikuwa wa mama yangu. Aliutunga Kitshanga, miaka ile ya vita tuliyokimbilia huko, akiwa kwenye foleni ya maji na bidoni, dumu lake la plastiki. Unataja milima ya kurudi nyumbani, mmoja baada ya mwingine: huu ulinisukuma, huu ulinivuta mkono, huu ulininyima usingizi, Bwana asante. Hauna zaidi ya hapo. Lakini tuliporudi na mama akauimba kanisani Jumapili moja, niliona wanaume wazima wakitoka nje kujifuta macho. Tangu siku hiyo ukawa wimbo wa kila mtu, na watu wengi wakasahau ulitoka wapi.

Nilijifunza kwa kuiba. Niliegemeza simu kwenye bidoni, nikaangalia klipu za watu wa Kinshasa na wa Goma, nikazisimamisha, nikazirudisha, mpaka batri ikanikatalia. Mwanzoni nilidhani kucheza kwa video ni kucheza kwa nguvu kuliko kawaida. Nikajipiga video, nikajiangalia, nikaona mtu anayefukuza nyuki. Hapo nikaanza kupunguza. Nikagundua kwamba ukigeuza kichwa haraka, hakuna anayekiona, lakini ukikigeuza taratibu huku mwili umetulia, mtu anakiona hata kwenye simu iliyopasuka kioo. Nikajifunza kuhesabu moja hadi nane na kurudia, na kwamba kushoto kwa mchezaji ni kulia kwa anayetazama. Jambo hilo dogo lilinisumbua siku tatu, na siku hizo tatu nyumbani hakuna aliyenisemesha.

Halafu nikaanza kufundisha, na mama yangu akaanza kunikera.

Wenzake walikuwa wazito, lakini walinifuata. Nikisema mikono juu, mikono ilipanda, hata kama ilipanda kama ya watu waliokamatwa. Mama hakupandisha. Alicheza kwa miguu tu, mgongo umeinama kidogo, macho chini, kama mtu anayetazama iwapo maharagwe yameota. Hakuhesabu. Aliingia alipoona ni wakati wa kuingia, na mara nyingi alituacha nyuma kwa nusu hatua. Nilipomsahihisha, alitikisa kichwa, akasema, "Sawa, Mwalimu," kisha akafanya vilevile. Aliniita Mwalimu kila siku ya mazoezi, bila kejeli, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Siku ya tatu niliomba vijiti viwili. Mama ndiye aliyevileta, vile virefu vya kupandishia maharagwe, kutoka shambani kwake. Nikasimama mahali kamera ingesimama, nikachungulia kwenye katoni, nikaelekeza: kijiti kimoja hapa, kingine pale, kila kimoja kwenye ukingo wa dirisha. Kati ya vijiti hivyo mstari wa watu kumi ulienea vizuri, mikono ikiwa na nafasi ya kufunguka. Sisi tulikuwa kumi na mmoja pamoja nami.

Nitasema nilichofanya, kwa kuwa bila hilo hakuna cha kusimulia. Nilijiweka katikati. Nikawapanga wenzangu huku na huku, wale wepesi karibu yangu. Mama yangu nikamweka mwisho wa kushoto kwa mstari, hatua moja nje ya kijiti.

"Hapa?" akauliza.

"Hapo, Mama."

Akina mama wakauliza vijiti ni vya nini. Nikawaambia ni vya kunyoosha mstari. Nilidanganya bila hata kumeza mate. Nilikuwa nimeshapanga yote kichwani: mama atavaa kitenge cha kwaya kama wenzake, atacheza kama wenzake, na klipu ikitoka nitasema kamera ilikuwa ndogo. Nilimpenda, nilikuwa namchotea maji kila asubuhi. Lakini niliona aibu. Niliwaza watu wa Goma wakimwangalia mama mzee anayecheza ameinama, halafu waseme ndivyo tulivyo huku milimani.

Tulifanya mazoezi mwezi mzima, mara tatu kwa wiki, baada ya shamba. Uwanja wa nyuma ya kanisa una mteremko, kama kila kitu Mushaki. Ukimwaga maharagwe mezani kwetu, utayaokota kwa jirani. Tulisimama ubavu kwa mteremko: mlima ulipanda upande wetu wa kushoto, na bonde likashuka kulia. Matope yakiwa mengi tulicheza na buti za shamba. Hatua kubwa ya wimbo ilikuwa nne kushoto, nne kulia, na kila mara tulirudi pale pale tulipoanzia, nami nikajisifu kimoyomoyo. Mama alikuwa wa kwanza kufika kila siku. Nilipokuja nilimkuta peke yake uwanjani, amesimama karibu na kijiti chake, jembe begani. Nilidhani ni kwa sababu hana saa.

Mpiga video alitaka ziwa. Alisema milima kila mtu anayo, na ziwa linapendeza kwenye klipu. Njia ilikuwa imefunguka wiki hizo, na Papa wa Butembo alikuwa anashuka Shasha, ziwani, kuchukua samaki, akakubali kutubeba kwenye kamioneti yake, gari dogo la mizigo, pamoja na kreti tupu. Yeye ni Mkatoliki, na njia nzima alitutania kwamba Waprotestanti wanapenda sana kuonekana. Tukapita Sake, tukaifuata barabara ya Minova, na kabla jua halijawa kali tukafika. Wavuvi walikuwa wamerudi, nyavu zimeanikwa. Mpiga video, kijana mrefu mwenye kofia, alikuwa ameshachagua mahali: ufukwe ulio sawa kabisa, maji nyuma, hakuna hata jiwe la kumkwaza mtu.

Tukavua viatu. Spika ikapiga wimbo wa mama, kama kwaya ilivyokuwa imeurekodi. Mimi nikahesabu, tukaanza.

Ubeti ulipoisha, mpiga video aliinua mkono. Akanionyesha kwenye kioo cha kamera. Upande mmoja wa picha kulikuwa na maji matupu. Upande wa pili mstari wetu ulikuwa umemwagika nje, akina mama watatu hawaonekani kabisa, wa nne kabaki bega. Nikacheka, nikasema ni woga wa mara ya kwanza. Tukarudia. Ikawa vilevile. Tukarudia tena. Kila mara tulianza katikati, na kila mara tuliishia kushoto kwetu, kama kuna mtu anatuvuta kwa kamba.

Nikakasirika. Nikawafokea watu walionibeba mgongoni nilipokuwa mtoto. Nikatandika kanga mchangani na kumwambia kila mmoja asiivuke. Waliivuka. Mama mmoja akaanza kulia kwa siri, akijifanya mchanga umemuingia jichoni.

Mpiga video hakuwa mtu mbaya. Aliniita pembeni, akaongea polepole.

"Dada, saa sita nafunga kamera, barabara haingojee. Kama hakuna kitu, nitafanya hivi: sauti ya ba mama itabakia, iko muzuri sana. Sura nitaweka ya badada ba Goma, benye banajua kucheza."

Nilimwelewa vizuri. Wimbo ungetoka, milima yetu ingetajwa, na wasichana wasioijua wangeicheza. Hakuna mama hata mmoja wa Mushaki angeonekana ndani yake. Na papo hapo, nikiwa bado na hasira, nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimemfanyia mmoja wao jambo hilohilo, kwa kijiti cha shamba lake.

Nilipogeuka, mama alikuwa peke yake karibu na maji. Alikuwa anatembea ubavu: hatua nne kushoto, nne kulia, macho chini kama kawaida yake, anaangalia alama za nyayo zake. Akarudia. Kisha akaja.

"Mwalimu, naweza sema?"

"Sema, Mama."

"Mulima iko wapi hapa?"

Akina mama wakacheka, hata yule aliyekuwa analia. Mama hakucheka.

"Kule kwetu mulima iko ku kushoto," akasema. "Mwezi muzima mguu ya kushoto tuko naipandisha na nguvu. Ya kulia tuko naishikilia, tusiteremuke. Hapa kuko sawa na meza. Lakini mguu haijue. Iko natafuta mulima."

Nilichukua kiatu changu, nikakiweka mchangani, nikasimama kando yake, nikafumba macho, nikacheza ubeti mzima peke yangu. Nilipofumbua, kiatu kilikuwa mbali nami, pengine urefu wa kitanda. Mimi mwalimu, mwenye kuhesabu hadi nane, mguu wangu ulikuwa unapanda mlima usiokuwepo. Kwa mwezi mzima nilijisifu kwamba tunarudi pale pale, kumbe ni mteremko uliokuwa unaturudisha.

Kufundisha miguu upya haikuwezekana, saa tano ilikuwa imepita. Nikachukua katoni yangu, nikachungulia, nikafikiri. Kama mguu unatupeleka kushoto, basi tuanzie kulia. Tusogeze mstari wote upana wa watu wanne, wale wa mkia waanze nje ya dirisha, na miguu yenyewe itawaingiza mmoja mmoja. Kwenye kiitikio tugeuke, tuelekee ziwani, tuipe kamera migongo. Tukigeuka, kushoto kwetu kunakuwa upande wa pili, na miguu ileile itaturudisha tulikotoka. Mpiga video alikunja uso kuhusu migongo, akasema hajawahi kuona klipu ya namna hiyo. Nikamwambia hata mimi sijawahi.

Lilikuwa limebaki jambo moja, nami nililiona kabla ya wote. Tukisogea hivyo, wa mwisho wa kushoto hayuko nje tena. Yuko ndani kabisa, mbele ya wote, na mbele yake hakuna mtu, ni maji tu. Macho ya kila atakayetazama yataanzia kwake. Na wa mwisho wa kushoto ni mama.

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Nilifungua mdomo nimwambie abadilishane na dada mmoja mwepesi wa katikati. Nilishasema, "Mama, weye..." Naye akashika pindo la kitenge chake, akalipandisha kidogo ili aweze kutembea, akaniangalia usoni kwa utulivu wa mtu aliyezoea kuhamishwa.

"Niende wapi, Mwalimu?"

Sikuweza. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Usiende fasi yoyote," nikasema. "Baki pale pale. Siye njo tutakufuata. Na leo hakuna mikono. Tucheze na miguu tu, sawa vile weye unachezaka."

Akaenda akasimama.

Nilipokuwa ndani ya mstari sikuona chochote isipokuwa visigino na mabega. Sikuhesabu kwa sauti. Mama aliingia alipoona ni wakati wa kuingia, nusu hatua mbele yetu, nasi tukamfuata, na kwa mara ya kwanza ile nusu hatua nikaielewa: mtu anayetangulia mlimani lazima akanyage kabla ya anayemfuata. Tulikwenda kushoto kidogo kidogo, tukitaja milima. Kwenye kiitikio tukageuka tukaimbia ziwa, tukarudi. Mpiga video hakuinua mkono. Wimbo ulipoisha alisema tu, "Tena moja, juu ya usalama," na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. Tukarudia mara moja, akafunga kamera. Tulipanda kamioneti ya Papa wa Butembo katikati ya kreti za sambaza, vile visamaki vya ziwani, tukanuka samaki hadi Mushaki, tukiimba.

Klipu ilifika baada ya wiki kadhaa, kwenye kadi ndogo ya simu. Papa wa Butembo aliweka televisheni yake juu ya kaunta, mlango wa duka ukajaa watu mpaka barabarani. Inaanza na maji. Halafu unaona mguu mmoja usio na kiatu ukikanyaga mchanga, na mama yangu, macho chini, akitafuta njia, na sisi nyuma yake tukiingia mmoja mmoja kama watu wanaotoka kwenye ukungu. Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja nyuma yangu, mgeni wa soko, akauliza yule mama anayewaongoza ni nani. Nikasema, "Ni mama yangu. Wimbo ni wake." Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mama mwenyewe aliangalia mara moja tu, akasema maji ni mengi mno kwenye picha, akaenda kupalilia.

Tangu hapo nimetengenezea kwaya nyingine michezo, Masisi na hata upande wa Walikale. Kabla ya kufundisha hatua yoyote, ninauliza kama mahali pa kupigia video pako sawa au pana mteremko. Wananishangaa. Nimeacha pia kupenda mikono iliyo juu.

Lakini ninachotaka kukiandika kilitokea siku mbili baada ya klipu kufika. Maharagwe yalikuwa yameanza kurefuka, na mama aliniambia tukachukue vijiti vyake kwenye uwanja wa kanisa. Cha kulia niliking'oa mimi. Cha kushoto alikishika yeye, hakukivuta. Katoni ya sabuni, niliyoirudisha pale tulipotoka ziwani, ilikuwa imeegemea ukuta, imelowa mvua, imelegea. Akainyooshea kidole.

"Siku moja uliisahau hapa," akasema. "Ni zile siku za mwanzo. Nilichungulia mule. Niliona kijiti hii, niliona na ile. Fasi yangu sikuiona."

Nilijua uso wangu umebadilika, nikauangalia mlima ili asiuone. Mwezi mzima alikuwa anajua. Alikuja na buti zake, aliniita Mwalimu, alisimama hatua moja nje na kucheza wimbo wake mwenyewe akijua hataonekana.

"Mama, nisamehe. Juu ya nini hukuniambia?"

Akakitikisa kijiti huku na huku mpaka udongo ukalegea, akakivuta, akakifuta matope kwa kiganja, akakiweka begani pamoja na jembe.

"Nilikuwa nakuya wa kwanza kila siku, mbele ya bengine bafike," akasema, "kuangalia kama umekisogeza."